Kushusha Golf Mark 5 nyumbani kwa springi fupi

Milimita 30. Hapo ndipo nilipoweka kikomo kabla sijatoa hata shilingi, na aliyeniamulia ni kivuko cha Magogoni. Naishi Kigamboni. Maji yakikupwa, mteremko wa kuingilia pantoni unakuwa mkali, na pale lango la chuma linapokutana na zege panabaki kona inayosubiri bampa la mtu. Gari lililoshushwa milimita 60 likifika pale, abiria wote wanageuka kutazama. La 30 linapita, mradi dereva asiwe na papara. Ongeza na matuta yetu, yale ambayo mtu anajiamulia tu kuyajenga mbele ya nyumba yake, utaona kwa nini nasema 30 inatosha.

Gari ninalozungumzia ni Volkswagen Golf Mark 5, ile iliyoanza kutoka mwaka 2003. Yangu ni 1.4 TSI, imekuja Dar kutoka Japani kama nyingi za aina yake. Mark 6 huku chini ni karibu ileile, kwa hiyo maelezo haya yataifaa. Mwenye Vitz, Demio au Fit naye asome sehemu ya mbele, kwani shokapu kukaa katikati ya springi ni kulekule. Nyuma ana raha kuliko mimi, maana ekseli yake ni moja ya kujipinda: anafungua shokapu zote mbili chini, anashusha ekseli kwa jeki, springi zinatoka kwa mkono. Golf 5 nyuma ina amu nyingi kila upande, ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu, na ina mambo yake, nitayafikia.

Kwanza tumalizane na habari ya kukata. Kila mtaa una fundi atakayekuambia, "Kaka, tukate mzunguko mmoja na nusu tu, saa moja umeondoka." Bei yake ni ya soda na gari kweli linashuka. Tatizo lipo kwenye urefu. Springi ya kiwandani imepimwa ili hata tairi likining'inia hewani, bado iwe imebanwa kidogo kati ya vikalio vyake viwili. Ukiikata, shokapu bado ina uwezo wa kunyooka hadi mwisho wake, ila springi haifiki tena. Tairi likizama kwenye shimo, springi inalegea, inajizungusha, na ikirudi inakaa popote inapotaka. Wanaotumia moto wa gesi ndio wanaharibu zaidi: chuma cha springi kimepata ukakamavu wake kwa joto la kupimwa, ukikichoma kwa macho kinalainika pale ulipochoma na kinaendelea kulala kila mwezi. Springi zilizotengenezwa kwa kazi hii zina waya uliosukwa vingine. Mizunguko ya upande mmoja imekaribiana, inabanwa mapema na kuacha ile migumu ifanye kazi, na bado springi inabaki imeshikwa shokapu ikinyooka yote.

Mimi nilichukua za Ujerumani. Huko kuna watengenezaji wawili wanaojulikana sana kwa kazi hii, Eibach wa Finnentrop na H&R wa Lennestadt, na wote wana seti ya karibu milimita 30 kwa Golf 5. Kitu cha kuangalia kabla ya bei ni uzito wa ekseli ya mbele. Golf yenye injini ya dizeli ya lita 2.0 ina pua nzito kuliko 1.4 yangu, na springi za mbele hazilingani. Karatasi inayokuja na seti huandika uzito wa juu unaoruhusiwa kwa kila namba ya springi. Linganisha na bati la utambulisho la gari lako. Namba hiyohiyo huwa imechapwa kwenye waya wa springi. Kama waya hauna namba, au namba haifanani na ya karatasi, rudisha.

Kuna mtego mwingine ambao wauzaji hawautaji. Volkswagen yenyewe iliitoa Golf 5 kwa vimo zaidi ya kimoja, na ile yenye springi za kispoti ilitoka kiwandani ikiwa chini kwa milimita 15 kuliko ya kawaida. Seti ya springi inakupa kimo cha mwisho, haijui ulianzia wapi. Kwa hiyo ukiwa na gari la kispoti, ile 30 iliyoandikwa kwenye boksi kwako itakuwa kama 15, usije ukasema umeuziwa feki.

Shokapu je? Ikiwa za kwako ndizo zilizokuja na gari na limeshakula zaidi ya kilomita laki moja, badilisha pamoja na springi. Kazi ya kuzitoa ni ileile, na shokapu iliyochoka ikipewa springi ngumu zaidi inashindwa kuituliza, gari linadundadunda hata barabara ya lami nzuri. Ukinunua za mbele, pima kwanza unene wa bomba la shokapu pale linapoingia kwenye chuma cha habu: Golf 5 zipo za milimita 50 na za milimita 55, na moja haiingii kwenye tundu la nyingine. Nunua pia mauntingi za juu, beringi zake, raba za kugotea zile zinazokaa kwenye fimbo ya shokapu, na bolti mpya kwa kila sehemu inayokazwa kwa digrii, yaani ikishakazwa kwa nguvu iliyotajwa inazungushwa tena kwa pembe fulani. Bolti ya aina hiyo hunyooshwa kidogo makusudi inapokazwa, na haitakiwi kutumika mara ya pili.

Vifaa

Jeki nzuri ya magurudumu, stendi mbili za jeki, spana za boksi namba 13, 16, 17, 18 na 21, na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm. Hiyo ya toki azima kama huna, usikisie kwa nguvu za mkono. Halafu vipo vitu vinne ambavyo gereji za Toyota nyingi hazina na bila hivyo utakwama katikati: biti za nyota zenye ncha 12, namba M6 na M14 (Torx ina ncha sita, ukiilazimisha inakula kichwa cha bolti), boksi ya 21 yenye tundu juu au ubavu uliokatwa, ili alenki ya 7 ipite katikati, biti ya kupanulia, kichuma bapa chenye pembe za duara unachokiingiza kwenye ufa wa habu na kukizungusha, na vibano vya springi. Vibano usinunue vya bei ya chini kabisa. Kagua nyuzi zake, zipake grisi, na hakikisha ndoano zina vifungo vya kuzuia zisiteleze.

Tafuta pia ufunguo wa bolti ya kuzuia wezi wa rimu kabla ya siku ya kazi. Magari ya Japani mara nyingi huja nao kwenye buti, chini ya tairi la akiba, umefungwa kwenye kimfuko ambacho mtu wa kuosha gari amekihamisha.

Mchanga

Uwanja wangu ni mchanga mtupu, na nyumba nyingi za upande huu ni hivyo. Jeki kwenye mchanga inazama polepole, upande mmoja kuliko mwingine, na stendi yenye miguu minne inazama mguu mmoja mmoja. Nimetandika mabapa mawili ya mbao nene, zile za kusimamishia zege, upana wa kutosha jeki kusogea mbele inaponyanyua, maana jeki ya magurudumu ikinyanyua hujivuta kuelekea gari, na ikizuiwa inalalia. Stendi kila moja ina bapa lake. Kama jirani ana sakafu ya paving, omba ufanyie kazi huko. Kamwe usiweke hata mkono chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Hilo kila mtu analijua, na bado unawaona.

Jioni ya kabla ya kazi puliza mafuta ya kupenya kwenye nati zote utakazofungua. Hewa ya bahari huku imeingia kila mahali. Kisha, gari likiwa limesimama sawa na halina mzigo, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, magurudumu yote manne, uandike. Usipime kutoka chini, kwa kuwa upepo wa tairi unabadilisha jibu. Yangu mbele ilisoma karibu 38 sentimita. Namba hizi utazihitaji mwishoni, tena sana, kwa hiyo ziandike mahali ambapo mikono yenye grisi haitazifuta. Mimi huandika kwa chaki ukutani.

Mbele

Anza na waipa, kwa sababu vichwa vya shokapu vimejificha chini ya plastiki iliyo mbele ya kioo. Bandika selotepu kwenye kioo kufuata mstari wa kila waipa ili ujue zilipolala. Nati ni ya 16, chini ya kikofia. Ilegeze bila kuitoa yote, tikisa mkono wa waipa hadi uachie, ndipo uitoe. Ng'oa ile raba ndefu ya ukingoni, kisha vuta plastiki kwenda juu kutoka kwenye mfereji wa kioo, taratibu, kidogo kidogo kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Plastiki iliyokaa juani Dar miaka kumi inavunjika kama papadi.

Sasa utaona kichwa cha shokapu kila upande, na bolti tatu za 13 zimekizunguka. Katikati ipo nati kubwa. Hiyo ya katikati usiiguse! Ndiyo inayozuia springi iliyobanwa isiruke, na itabaki ilivyo mpaka shokapu iwe mezani na vibano vimeshika. Zile tatu nazo ziache kwanza.

Legeza bolti za tairi nusu mzunguko gari likiwa chini, weka kigingi nyuma ya magurudumu ya nyuma, kisha nyanyua mbele pande zote mbili na uweke stendi kwenye sehemu zilizoimarishwa za kizingiti. Nasisitiza pande zote mbili. Ukinyanyua upande mmoja tu, fimbo ya stebilaiza, ile inayounga pande mbili ili gari lisilale kwenye kona, inajipinda kati ya gurudumu lililo chini na lililo juu, na linki yake inakuwa na mvutano kiasi kwamba ukifungua nati inachomoka kwa kishindo, au haichomoki kabisa.

Toa tairi. Chomoa mpira wa breki na waya wa sensa ya ABS kwenye vishikio vyao kwenye shokapu. Linki ya stebilaiza ina nati ya 16. Ukianza kuifungua, pini nayo inazunguka. Piga brashi ya waya kwenye nyuzi zinazoonekana, ingiza biti ya M6 kwenye ncha ya pini uizuie, na ufungue kwa spana ya kawaida. Tundu la biti likiwa na mchanga, lisafishe kwa msumari kwanza, vinginevyo biti itashika juujuu na kulikwangua.

Inayofuata ndiyo bolti inayobana shokapu ndani ya chuma cha habu. Nati 18, kichwa cha nyota M14. Angalia imeelekea wapi kabla ya kuitoa. Ikishatoka, chomeka biti ya kupanulia kwenye ufa wa nyuma na uizungushe robo mzunguko. Ufa unafunguka kama milimita mbili hivi na hizo zinatosha. Usipige patasi humo, chuma hicho kinaweza kupasuka na utanunua kipya.

Hapa ndipo unapohitaji mtu wa pili. Mpwa wangu alishika nondo ndefu juu ya amu ya chini, akaikandamiza habu ishuke, mimi nikiizungusha shokapu kushoto kulia ndani ya tundu lake. Kutu imeigundisha, haitoki kwa kuvutwa tu. "Mjomba, imesogea," akasema, na kweli palikuwa na mstari mpya wa chuma kinachong'aa, mwembamba, juu ya ukingo wa habu. Ukiuona mstari huo, puliza mafuta tena papo hapo, irudishe juu kidogo, kisha shusha. Iende na kurudi, kila mara mstari unapanuka. Ukilazimisha kwenda chini tu inakwama tena.

Wakati habu inashuka jicho moja liwe kwenye mpira wa breki na jingine kwenye jointi ya shafti. Habu isielekee nje kupita kiasi, maana jointi ya ndani inaweza kuachana ndani ya buti lake la mpira. Kama nafasi bado haitoshi, upo mlango mwingine: nati tatu zinazoshika bolijointi kwenye amu ya chini. Chora alama ya rangi kuzunguka bolijointi ili irudi ilipokuwa, fungua, na habu inapata uhuru. Nati hizo ziwe mpya wakati wa kurudisha, na kipimo chake tafuta kwenye kitabu cha gari lako kwa kuwa amu za Golf 5 si za aina moja. Habu ikiwa huru, ifunge kwa waya mnene kwenye mwili wa gari. Isining'inie kwa mpira wa breki hata dakika moja.

Sasa mtu mmoja ashike shokapu kwa chini, mwingine afungue zile bolti tatu za juu. Inatoka nzima.

Springi mezani

Kabla ya chochote, chora mstari wa rangi kutoka mauntingi, kushuka kwenye kikalio cha juu, springi, hadi bomba la shokapu. Utakuonyesha jinsi vitu vilivyokaa.

Vibano viwili vikae vikitazamana, kila kimoja kikishika mizunguko mingi iwezekanavyo. Kaza kimoja mizunguko michache, hamia cha pili, rudi cha kwanza. Springi ikianza kupinda kama upinde, umekaza upande mmoja kupita mwingine, simama, usawazishe. Usitumie mashine ya kukaza ya umeme, kaza kwa mkono uhisi uzito. Kichwa cha shokapu kielekee ukutani, mahali ambapo hakuna mtu, na wewe ukae ubavuni. Endelea mpaka uweze kuizungusha springi kwa mkono kwenye kikalio chake. Hapo tu ndipo alenki ya 7 inaingia kwenye ncha ya fimbo, boksi ya 21 inashika nati, na nati inatoka.

Vua vitu kwa mfuatano na vipange mezani kwa mfuatano huohuo: nati, mauntingi, beringi, kikalio cha juu, mpira wa vumbi, raba ya kugotea, springi. Zungusha beringi kwenye kiganja. Ikikwaruza, tupa. Fimbo ya shokapu isukume hadi chini, uone inarudi vipi. Ikiwa na michirizi ya mafuta au kuna sehemu haina ukinzani, hiyo imekwisha.

Raba ya kugotea inastahili neno. Gari likishuka, shokapu inaanza safari yake ikiwa tayari imeingia ndani milimita 30, kwa hiyo inaifikia raba mapema. Seti nyingine zinaagiza uikate kwa urefu uliotajwa, nyingine zinakuja na fupi yake, nyingine zinasema iache. Fuata karatasi ya seti yako. Ukiikata bila kuambiwa, kwenye tuta shokapu itagonga chuma kwa chuma.

Springi mpya ni fupi, haihitaji kubanwa sana. Maandishi yasomeke wima. Mwisho wa waya ukae umegusa kile kituo kwenye kikalio cha chini, kabisa, bila pengo la kupitisha kidole. Mpwa wangu alipoiona imekaa peke yake mezani aliuliza, "Mjomba, hii si ndogo mno?" Ukiilinganisha na ya zamani inatia shaka, lakini waya ni mnene zaidi. Nati mpya ya juu kaza 60 Nm, kisha achia vibano kwa zamu ileile, ukiangalia ncha zote mbili za waya zisihame.

Kurudisha ni kinyume. Bomba la shokapu lina kipande kidogo cha bati kilichochomelewa kwa nyuma. Kinaingia kwenye ule ufa wa habu na ndicho kinachokuhakikishia shokapu imeelekea sawa. Safisha tundu kwa msasa, pandisha habu kwa jeki yenye kipande cha mbao chini ya bolijointi mpaka shokapu ifike mwisho. Bolti mpya ya habu ni 70 Nm kisha digrii 90. Tatu za juu ni 15 Nm kisha digrii 90. Linki ya stebilaiza 65 Nm. Upande wa pili utaufanya haraka zaidi.

Nyuma

Shusha mbele, weka gia au P, weka vigingi kwenye magurudumu ya mbele. Kumbuka ukinyanyua nyuma, breki ya mkono haishiki kitu kilicho chini. Nyanyua pande zote mbili, toa tairi.

Springi ya nyuma imekaa juu ya amu pana ya chini, mbali na shokapu. Kama gari lako lina taa za xenon, kuna kijiti chembamba cha sensa ya kimo kimeungwa kwenye amu; kifungue kwanza, kinavunjika kirahisi. Upande wa ndani wa amu, karibu na fremu, utaona bolti zenye diski ambayo tundu lake haliko katikati. Hizo ni za alaimenti. Hatuzigusi.

Weka jeki yenye mbao chini ya amu, usawa wa springi, ipandishe mpaka ibebe. Pitisha mnyororo au kamba imara ndani ya springi na kuzunguka amu, kama tahadhari. Legeza bolti ya nje inayounga amu na habu, ya 18. Sasa cheza na jeki: juu kidogo, chini kidogo, huku unaivuta bolti kwa vidole. Ipo sehemu moja ambapo inakuwa nyepesi na kutoka yenyewe. Ukihitaji nyundo, jeki haipo mahali pake. Bolti ikitoka, shusha jeki polepole, ukiwa umekaa pembeni, mpaka springi ipoteze nguvu. Sukuma amu chini kwa mguu na uitoe.

Raba za juu na chini za springi zihamishie kwenye mpya, au ununue nyingine kama zimepasuka. Raba ya chini ina kituo chake, na mwisho wa waya unakigusa. Ingiza, pandisha amu kwa jeki, linganisha tundu kwa bisibisi ndefu, na uchomeke bolti mpya. Ikaze kwa mkono tu. Shokapu ya nyuma ukiibadilisha, bolti yake ya chini nayo iache hivyohivyo.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote humu. Bushi za amu hizi ni raba iliyogandishwa kwenye chuma ndani na nje. Haiteleziki, inajipinda. Ukikaza bolti wakati gurudumu linaning'inia, unaifungia raba katika kimo cha kuning'inia. Ukishusha gari, raba inaishi ikiwa imepindwa siku zote, usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Baada ya miezi inapasuka, na kabla ya hapo gari linakaa juu kuliko linavyotakiwa na linakuwa gumu ajabu. Watu wanalaumu springi.

Kwa hiyo rudi kwenye namba zako za chaki. Toa milimita 30 kwenye kipimo cha nyuma (kama 15 ikiwa gari lako ni lile la kispoti). Weka jeki chini ya habu, ipandishe hadi utepe usome namba hiyo kati ya kitovu cha habu na fenda. Mara nyingi gari litaanza kunyanyuka kwenye stendi kabla hujafika, kwa kuwa nyuma ni nyepesi. Weka mifuko ya saruji kwenye buti. Likifika kimo, kaza: bolti ya amu 90 Nm kisha digrii 90, na ya chini ya shokapu 180 Nm. Hiyo 180 ni nyingi kweli, tafuta nondo ya kurefushia na mtu wa kukutazamia stendi.

Baada ya hapo

Bolti za tairi 120 Nm, kwa mtindo wa nyota, gari likiwa chini. Zirudie ukishatembea kati ya kilomita 50 na 100. Springi hukaa vizuri baada ya wiki chache, na milimita kadhaa hupungua tena, kwa hiyo usiharakie kupima kimo siku hiyo.

Alaimenti haikwepeki. Gari likishuka, matairi yanaegemea ndani kwa juu na uelekeo wa mbele unabadilika. Ukipuuza, ukingo wa ndani wa tairi unaisha wakati wa nje bado mpya, na hutauona mpaka waya utokee. Mwambie fundi wa alaimenti apime nyuma pia, Golf 5 nyuma inarekebishika. Wengi hupima mbele tu wakidhani ni kama gari la ekseli moja. Taa za mbele ziangaliwe ukutani, na zile za xenon zinataka kimo kipya kifundishwe kwenye kompyuta ya gari kwa VCDS, programu ya kupimia magari ya Volkswagen.

Weka watu watano ndani na mzigo kwenye buti, katisha staringi hadi mwisho kulia na kushoto, usikilize. Tairi la 205/55 R16 halitagusa popote. Ukiwa na rimu pana za nje, angalia kwanza bati la ndani ya fenda. Sauti ya "tok" kwenye mashimo madogo huwa ni linki ya stebilaiza haijakazwa. Mlio wa "tang" ukikata staringi gari limesimama ni springi ya mbele haijakaa kwenye kituo, au beringi ya juu. Mkwaruzo wa nyuma ni raba ya springi iliyokaa upande.

Springi za kiwandani zisafishe, ziandike mbele au nyuma, kushoto au kulia, uzifunge kwenye gunia. Siku ukiliuza gari, mnunuzi wa bara anayepita barabara ya vumbi atazitaka, na atakulipa vizuri zaidi ukiwa nazo.